Samaki mkubwa anayekula wenzake: nani anaweza kukaa naye pamoja?

Mara nyingi mambo yanaanza namna hii. Jioni kulikuwa samaki saba ndani ya akwariamu. Asubuhi wamebaki watano. Kifuniko kimefungwa, sakafu ni kavu, hakuna maiti inayoelea juu ya maji. Mwenye nyumba anashuku watoto, kiisha paka, kiisha mlinzi wa usiku. Siku tatu baadaye, wakati wa sita amebaki peke yake na mkubwa, ndipo anatazama vizuri yule mkubwa aliyelala pembeni, tumbo limejaa.

Hasara hiyo si ya wenye hoteli na watu wa mijini peke yao. Mkulima anayechimba bwawa la samaki nyuma ya nyumba, lile watu wengi wanaita étang, na kuweka ndani kambale pamoja na vifaranga vya tilapia, yuko katika swali lile lile: samaki anayekula samaki, unamweka na nani? Tofauti ni kwamba mwenye akwariamu anapoteza pambo, na mkulima anapoteza mavuno ya miezi sita ao nane pamoja na karo ya shule aliyokuwa anaitazamia humo.

Mashariki mwa Kongo ni fasi nzuri ya kujifunza jambo hili, sababu samaki wakubwa walaji ambao watu wa Ulaya na Amerika wanafuga kwa bei kubwa wengi wanatoka kwetu. Ndani ya ziwa Tanganyika, upande wa Moba na Kapampa, kuna samaki wa rangi ya buluu yenye mistari myeusi na nundu juu ya kichwa. Wafugaji wa ng'ambo wanamwita kwa majina ya vijiji hivyo, na kuna watu kule wanaojua kutamka "Moba" na "Kapampa" bila kujua viko jimbo gani. Ndani ya mto Lualaba kuna mbenga, mwenye meno sawa misumari. Hawa wote wana tabia zao, na tabia hizo ndizo zinaamua nani atapona karibu nao.

Kinywa kwanza, upole baadaye

Wauzaji wa samaki wanapenda neno moja: "Huyu ni mupole, haina shida." Neno hilo limeua samaki wengi. Samaki mlaji anaweza kuwa mpole kweli: hafukuzi mtu, hapigani, anatembea polepole sawa mzee wa mtaa. Lakini upole wake ni kwa wale ambao hawaingii ndani ya kinywa chake. Anayeingia, kwake si jirani. Ni chakula.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni kinywa. Samaki wengi wanaowinda hawatafuni. Wanafungua kinywa ghafula, maji yanavutwa ndani, na mwenzao anaenda pamoja na maji. Kinywa kilichofungwa kinadanganya. Mtu akitaka kujua ukubwa wake wa kweli, amtazame wakati anakula ao anapopiga muayo. Wafugaji wengi wanatumia kanuni moja rahisi: mwenzake asiwe mfupi kuliko theluthi mbili za urefu wa mlaji. Mlaji wa santimeta 30 anataka wenzake wa santimeta 20 na zaidi.

Kanuni hiyo inasaidia, lakini haitoshi, sababu urefu si umbo. Tilapia ana mwili wa kusimama, mpana toka mgongo hadi tumbo, na miba mikali juu ya mgongo. Ni vigumu kummeza. Kambale kijana ana urefu uleule lakini mwili wake ni sawa kamba, unateleza. Mlaji anayeshindwa na tilapia wa santimeta 12 anaweza kumeza kambale wa santimeta 15 bila shida, mkia ukabaki nje ya kinywa mpaka sehemu ya mbele isagike. Wenye kufuga kambale wanaijua picha hiyo: ndugu mmoja ndani ya ndugu mwingine.

Jambo lingine ni saa. Walaji wengi wanawinda usiku ao alfajiri, wakati samaki wa mchana wamelala na macho yao hayaoni vizuri. Mtu anatazama akwariamu saa kumi za mchana, anaona amani, anasema kila kitu kiko sawa. Anayetaka kujua ukweli azime taa, angoje saa moja, kiisha aje na tochi hafifu.

Yule wa Moba

Samaki wa buluu wa Moba anaitwa na wataalamu Cyphotilapia. Wa kaskazini ya ziwa, kuanzia upande wa Burundi na Uvira, ni Cyphotilapia frontosa, na jina lake la kisayansi linatoka mwaka 1906. Wale wa kusini walitengwa kama aina yao peke yao mwaka 2003, wanaitwa Cyphotilapia gibberosa. Anafika santimeta 30 na kupita kidogo. Anakua polepole, anaishi miaka mingi, na ni mmoja wa walaji watulivu kabisa wanaojulikana.

Ndiyo maana anadanganya watu wengi. Ndani ya ziwa anakaa chini, mara nyingi kwa mita kumi na zaidi, na chakula chake anachokipenda ni samaki wembamba wanaoogelea kwa makundi makubwa, wale wanaoitwa Cyprichromis. Mchana hawezi kuwashika, wako wepesi kuliko yeye. Anangoja. Kabla ya jua kutoka, wakati kundi lingali limelegea, anapita katikati yao taratibu na kuwameza mmoja mmoja. Mtu anayenunua Cyphotilapia wa santimeta 8 na kundi la Cyprichromis wa santimeta 8, juu wanatoka ziwa moja, ataona amani mwaka mmoja. Mwaka wa pili kundi litaanza kupunguka.

Wanaoweza kukaa naye ni wengine wa Tanganyika walio wanene na waliokwisha kukua, wa santimeta 12 hadi 15 na zaidi, lakini wasiwe wakali kupita yeye. Hapo ndipo wengi wanakosea kwa upande mwingine: wanaogopa asile wenzake, wanamwekea samaki wagomvi wadogo wa ziwa Malawi, na yeye ndiye anateseka. Anajificha nyuma ya mawe, rangi inapotea, anaacha kula. Samaki mlaji naye anaweza kuuawa na majirani.

Na chakula kinatenganisha watu. Tropheus, wale samaki wafupi wa mwambani wanaoonekana karibu na mawe ya Uvira na Kalemie, ukubwa wao unaweza kufaa wakikua. Lakini wao wanakula majani madogo yanayoota juu ya mawe. Wakipewa kila siku vyakula vya nyama vinavyomfaa Cyphotilapia, matumbo yao yanavimba na wanakufa. Hakuna aliyewauma, lakini wamekufa kwa sababu ya mwenzao.

Cyphotilapia mwenyewe anataka kundi: dume moja na majike kadhaa, ndani ya chombo chenye urefu wa mita moja na nusu angalau. Chombo cha santimeta 150 kwa 60 kwa 60 kinabeba litri 540, maana yake kilo 540 za maji, bila kuhesabu vioo na mawe. Mwenye nyumba ya mbao atazame sakafu kwanza.

Kuhe, sangala na wenye meno

Kuhe ni mwingine wa Tanganyika, Boulengerochromis microlepis, mkubwa kupita jamaa zake wote wa Afrika. Anapita santimeta 65. Anapendwa sana kwa sahani, na watu wa pwani ya ziwa wangecheka wakisikia kwamba kuna wanaomfuga ili kumtazama tu. Kijana wa kuhe anauzwa akiwa mrefu kama kidole, na hapo hakuna anayemwogopa. Anakua haraka. Wakati wa kuzaa, mume na mke wanalinda pamoja maelfu ya watoto, na wakati huo hakuna jirani yeyote, mkubwa ao mdogo, aliye salama ndani ya chombo kimoja nao. Jibu la kweli ni moja tu: jozi ya kuhe ikae peke yake.

Jamii ya sangala ni jambo lingine. Tanganyika ina aina nne zake zisizopatikana fasi ingine duniani, pamoja na mikeke. Hao ni samaki wa maji wazi. Wanakimbia, wanagonga kioo, magamba yanatoka, wanakufa. Swali la wenzao halifiki hata kuulizwa. Wale sangala wa mito na maziwa mengine, ambao kwa Kifaransa wanaitwa capitaine, wanavumilia zaidi, lakini wanaweza kupita mita moja na nusu. Hao ni wa akwariamu za serikali na za majumba makubwa ya maonyesho.

Mbenga anavunja kanuni ya kinywa. Mkubwa wa jamii hiyo, Hydrocynus goliath, anaishi katika mto Kongo, Lualaba, ziwa Upemba na pia Tanganyika, anapita mita moja na kilo 50 zimeandikwa. Meno yake hayafichiki hata kinywa kikifungwa. Yeye hana lazima ya kumeza mzima: anaweza kukata. Samaki wa ukubwa sawa na wake, ambaye kwa kipimo cha kinywa yuko salama kabisa, anaweza kukatwa mkia ao nusu ya mwili. Walio na chombo kikubwa cha kutosha wanamfuga na mbenga wenzake wa ukubwa mmoja, na wanawapanga kila mara: anayebaki nyuma kwa kukua anatolewa, sababu kesho ni yeye ataliwa.

Wa kukaa peke yao

Kuna samaki watatu wa Kongo ambao muuzaji yeyote wa kweli hangewapatia mwenzao.

Wa kwanza ni Protopterus, samaki mwenye mapafu, huyu watu wa magharibi ya nchi wanamwita nzombo. Aina ya maziwa yetu ya mashariki inaweza kufika mita mbili. Anaonekana mlegevu, anapanda juu kuvuta pumzi, anashuka, analala. Lakini taya zake zinavunja konokono na ganda lake, na haoni vizuri. Chochote kinachogusa pua yake anakiuma. Wanaokaa naye wanapoteza mapezi kwanza, kiisha maisha.

Wa pili ni kambale wa umeme, Malapterurus. Anaweza kutoa zaidi ya volti 300. Anautumia umeme kwa kuwinda na kwa kujilinda, na maji ya akwariamu hayana fasi ya kukimbilia. Hata mkono wa mwenye kusafisha hauna ruhusa ya kuingia bila kuangalia.

Wa tatu ni yule anayejaa hewa, Tetraodon mbu wa mto Kongo, anayefika karibu santimeta 70. Uso wake unafurahisha, anamtambua mwenye kumpa chakula, na watu wanamfanya rafiki. Yeye ni mlaji wa konokono na kombe, meno yake sawa mdomo wa kasuku, na hayaachi kukua. Wengine wamemweka na samaki wepesi kwa miaka bila shida. Wengine walikuta siku moja wote hawana mikia. Hakuna namna ya kujua mbele ni yupi umepata, na kwa hiyo ni afadhali ahesabiwe mtu wa peke yake.

Majirani wazuri

Baada ya orodha hiyo ya ubaya, kuna wema pia. Mmoja wa majirani bora wa samaki mkubwa ni Polypterus, yule mrefu mwenye mapezi madogo mengi yaliyopangwa juu ya mgongo sawa meno ya msumeno. Anapatikana mto Kongo na Tanganyika. Magamba yake ni magumu sawa ngao, anakaa chini kabisa, anatafuta chakula kwa kunusa, hajali wanaoogelea juu. Yeye mwenyewe ni mlaji, kwa hiyo wadogo hawafai kuwa naye. Lakini akiwa mnene na mwenye kukua, anakaa na Cyphotilapia ao sangala mdogo bila fujo. Anavuta hewa juu ya maji, kwa hiyo chombo kisijazwe mpaka kifuniko. Na kifuniko kiwe kizito: anajua kutoka.

Kundi la pili ni samaki wakubwa wasiowinda wenzao. Mboto, jamii ya Distichodus, anakula majani. Wenye mistari sita wanaweza kupita santimeta 70 na wanapendeza macho. Shida yao ni kwamba wanakula mimea yote ya akwariamu na mara ingine wanaonja mapezi ya wenzao. Yule watu wanaita kongo ya sika, Heterotis, anafika karibu mita moja na anakula vidudu vidogo na mbegu. Mkubwa asiyekula nyama ni jirani mzuri wa mkubwa anayekula nyama, ikiwa fasi inatosha.

Fasi ya tatu ingekuwa ya Synodontis, wale wenye ndevu wanaolia "kro-kro" wakitolewa ndani ya wavu. Wanafaa, lakini wakubwa tu. Samaki huyo ana miba mitatu, mmoja juu na mmoja kila upande, na akishikwa anaisimamisha na kuifunga, hairudi. Mlaji akimeza Synodontis mdogo, miba inamkaba. Hawezi kumeza, hawezi kumtapika. Asubuhi wote wawili wamekufa, mmoja ndani ya koo la mwingine. Wengi wanauliza mara zote kama mdogo ataliwa. Kwa wenye miba, swali ni kama mkubwa atapona.

Maji na umeme

Samaki wawili wanaweza kupatana kwa kinywa na kwa tabia, na bado wasiweze kukaa pamoja kwa sababu ya maji. Maji ya Tanganyika ni magumu na yenye chumvichumvi ya mawe, kipimo chake cha pH kinakaribia 9. Mito mingi ya msitu wa Kongo ina maji laini, pH chini ya 7. Samaki wa Moba akiwekwa maji ya msitu anadhoofika. Wa msituni akiwekwa maji ya Moba anachomwa. Wale wa mito mikubwa sawa mboto na Polypterus wanavumilia katikati. Kambale anavumilia karibu kila kitu.

Baridi ni swali la watu wa Goma, Bukavu na Butembo. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya bahari, na mji wa Butembo uko juu zaidi. Chombo kisicho na cha kupasha maji kinaweza kushuka chini ya digrii 20 usiku, na mlaji aliyemeza jioni anabaki na chakula tumboni kinachooza kuliko kusagika. Yule anayevumilia baridi ataendelea kula, mwenzake ataacha, na kiisha miezi michache ukubwa wao hautalingana tena. Hapo kipimo cha kinywa kinabadilika bila mtu kuona.

Na umeme ukikatika, pompa inasimama. Samaki wakubwa wanamaliza hewa ya ndani ya maji haraka, na kama walikula jioni wanaimaliza haraka zaidi. Kambale, Polypterus na Protopterus wanapanda juu kuvuta hewa na wanaishi. Cyphotilapia na mbenga hawawezi. Mtaa ambao umeme unakatika kila usiku, akwariamu ya wavuta hewa ni chaguo la akili kuliko akwariamu ya wenye rangi. Aliye na wenye rangi afanye mambo mawili: asiwape chakula jioni, na ajue kuteka maji kwa bakuli na kuyarudisha kutoka juu, mara nyingi, polepole, mpaka umeme urudi.

Namna ya kuwaingiza

Anayeingia kwanza ndiye mwenye nyumba. Kwa hiyo mlaji anaingia mwisho, wakati wenzake wamekwisha kujua mashimo na mawe. Kama alikuwa wa kwanza, na hakuna namna ingine, mawe yote yapangwe upya siku ile ile wageni wanapoingia, ili naye awe mgeni. Waingie wengi kwa mara moja, si mmoja mmoja; mgeni wa peke yake anabeba hasira yote. Waingie taa ikiwa imezimwa na mlaji ameshiba, lakini shibe ni ya usiku mmoja, haimbadilishi tabia.

Kabla ya hapo wakae mbali wiki tatu hivi ndani ya beseni yao, watazamwe kama wana madoa meupe ao vidonda. Vilevile chakula: kuwapa walaji vifaranga hai vya tilapia vilivyookotwa bwawani ni kuleta minyoo nyumbani, tena ni kumfundisha mlaji kwamba kila kinachoogelea ni chake. Vipande vya samaki aliyekufa mbichi, ndagala mbichi ao dagaa wa kamba vinatosha. Nyama ya ng'ombe na ya mbuzi haifai kuwa chakula cha kila siku. Mafuta yake hayasagiki vizuri ndani ya mwili wa baridi.

Bwawani: kambale na tilapia

Hapa ndipo mambo yanagusa watu wengi. Tilapia wanazaa mapema, wakiwa bado wadogo, na wanazaa bila kupumzika. Bwawa lililoanza na tilapia mia tano linakuwa na maelfu kiisha miezi michache, wote wanagombania chakula kimoja, hakuna anayefika uzito wa kuuzika. Mkulima anavuna ndoo za samaki wa ukubwa wa kidole. Dawa inayojulikana toka zamani ni kuweka mlaji ndani: kambale anakula watoto, tilapia wakubwa wanabaki na fasi na chakula.

Dawa hiyo ni nzuri kama saa na ukubwa vinaheshimiwa. Tuseme mkulima ananunua vifaranga vya tilapia vya gramu 5 na kambale wa gramu 100, anaweka wote siku moja, juu gari ni moja na safari ni ghali. Hajaweka mlinzi wa bwawa. Ameweka mchinjaji. Kambale watamaliza vifaranga kabla havijafika ukubwa wa kujitetea, kiisha watakulana wenyewe, wanono watabaki wachache, na mkulima atasema alevin walikuwa wabaya ao jirani aliiba.

Mpango unaofaa ni kinyume: tilapia kwanza, wakae mwezi mmoja ao miwili mpaka wanenepe na miba yao ikomae. Kambale wanaingia baadaye, na wanaingia wakiwa wadogo kuliko tilapia. Wasiweze kumeza yeyote wa waliowekwa. Wameze watoto watakaozaliwa tu. Idadi yao iwe ndogo mbele ya tilapia. Nao kambale wenyewe wachaguliwe wa ukubwa mmoja, sababu anayetangulia kukua anaanza na ndugu zake. Wenye kufuga kambale peke yao wanajua kazi ya kuwapanga upya kila wiki chache. Anayeichoka kazi hiyo anavuna kambale wachache wakubwa na hajui wengine walienda wapi.

Kuna kosa moja linalorudi kila mwaka. Wakati wa kuvuna, maji yanatolewa, wavu unapita, watu wanauza, furaha. Lakini kambale anajua kuzama ndani ya matope na kukaa huko na maji kidogo sana, akivuta hewa. Wawili ao watatu wakubwa wanabaki. Wiki ijayo bwawa linajazwa tena na vifaranga vipya vinawekwa. Hao wawili peke yao wanaweza kuharibu mwanzo wote wa msimu. Ndiyo maana bwawa linaachwa likauke kabisa mpaka udongo upasuke, chokaa inamwagwa fasi zenye unyevu, na mashimo ya kando yanachunguzwa kwa fimbo. Kwenye mfereji unaoingiza maji kunawekwa wavu wa matundu madogo, sababu kambale wa mtoni anaingia akiwa mdogo sawa uzi na hakuna anayemwona.

Yule aliyekua kupita chombo

Siku inafika mlaji anapita fasi yake. Samaki aliyenunuliwa kwa urefu wa kidole anageuka katika akwariamu na mkia unagusa kioo. Wengi wanawaza ziwa: wamrudishe "nyumbani". Ikiwa alitoka fasi ingine, hapo si nyumbani kwake.

Mfano uko karibu, ndani ya ziwa Victoria la Uganda, Kenya na Tanzania. Sangala mkubwa, Lates niloticus, aliwekwa humo katika miaka ya 1950 ili wavuvi wapate samaki wa uzito. Katika miaka ya 1980 alijaa ziwa. Viwanda vilipata mali, watu wengi walipata kazi, na samaki wadogo wa asili, aina mia mbili hivi, walipotea ao wakabaki wachache sana. Uchafu wa maji na uvuvi mwingi vilisaidia kuwamaliza. Ziwa zima lilikuwa akwariamu ambayo mtu hakupima kinywa.

Ziwa Kivu lina aina chache za samaki, hazifiki 40, na kadhaa kati yake hazipatikani fasi ingine. Sambaza wenyewe, wanaolisha Goma na Bukavu leo, ni wageni walioletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Mlaji mkubwa wa kigeni akitupwa humo na kupata mwenzake wa kuzaa naye, sambaza ndio wanaoingia kinywani kwa urahisi kabisa. Samaki aliyezidi chombo apewe mwenye bwawa lililozungukwa na lisilofurika, ao auzwe, ao, kama ni kuhe ao kambale, apelekwe jikoni. Maji ya chombo chake pia yasimwagwe mtoni. Yanafaa sana kwa kumwagilia mboga.